Kabla Mkanda Haujawashwa

Kama wiki hii umetoka hospitali na neno ambalo bado hujalitamka nyumbani, haya nimeyaandika nikikufikiria wewe. Mimi si daktari. Mambo ya chembe za damu na tezi waulize wenyewe, wanapenda kuulizwa. Mimi nitakueleza nilivyokaa kwenye viti vya kusubiri, mwili wangu ulivyogeuka, na nilivyomdanganya mke wangu kwa siku nne, jambo lililoniuma kuliko dripu zote kumi na mbili. Sasa nimepona, au ndivyo wanavyoniambia kila ninapokwenda kuangaliwa. Nimeipima aibu ya kusimulia na faida yake, nikaona bora niseme.

Lazima nianze na kazi yangu, maana bila kuijua hutauelewa ujinga wangu. Nilikuwa kocha wa mpira wa Kimarekani mjini Stockholm. Usicheke. Hata mama yangu, nilipomwandikia Tanga, alijibu akauliza kama siku hizi nakunywa. Nilikwenda Marekani kusomea elimu ya viungo, na huko wakagundua kuwa naweza kuupiga teke ule mpira wao wa ncha mbili ukaenda wanakotaka. Wakanivika kofia ngumu, wakanisimamisha uwanjani, na mwaka mzima nilipiga mateke bila kuelewa sheria hata moja. Baadaye nilimfuata Tausi, mke wangu, aliyekuja Sweden kwa mafunzo akapata kazi ya kudumu. Mchezo ule ulipoanza kushika moto huku, katikati ya miaka ya themanini, klabu moja ilitafuta watu wanaoujua, nikaitwa. Ilijiita timu ya kulipwa, ingawa waliolipwa tulikuwa makocha watatu tu. Wachezaji walikuwa mafundi bomba, walimu na madereva, waliokuja mazoezini jioni na uchovu wa kutwa nzima.

Kocha mkuu alikuwa Mmarekani aliyeitwa Walt, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye akikasirika sauti ilizidi kushuka. Göran, Mswidi, alishika ushambuliaji. Mimi nilishika ulinzi na wapiga mateke. Tulikuwa na tabia moja ambayo makocha wote wa mchezo ule wanayo: majeruhi hatangazwi. Mtu akiteguka goti, tunamvalisha vifaa vyote siku ya mchezo, anasimama pembeni akirukaruka kidogo, ili wapinzani wadhani ataingia. Nilifanya kazi hiyo miaka kadhaa na sikuwahi kuiona kuwa ni uongo. Niliiona kuwa ni ufundi.

Kwa hiyo tezi ya kwanza ilipojitokeza shingoni, upande wa kushoto, niliivalisha. Nilinunua sweta za shingo ndefu. Ilikuwa Oktoba, na nchi hii Oktoba hakuna anayekuuliza kwa nini umevaa sweta. Ilianza kama punje ya kunde, Krismasi ikawa ndimu. Ngozi iliniwasha miguuni hadi nikawa najikuna kwa kitana. Suruali zililegea, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, kisha la pili. Tausi aliona tundu la pili. Kesho yake alikuwa ameshapiga simu kituo cha afya na kupata miadi, na aliniarifu saa na chumba kama mtu anayesoma ratiba ya treni.

Tausi anafanya kazi kiwanda cha dawa, Södertälje, tunakoishi. Yuko chumba cha mizani. Unga wa dawa unapimwa pale kabla ya kuchanganywa, na yeye ndiye anayesoma, anaandika na kutia saini. Miaka yote hiyo hajawahi kurudishiwa karatasi. Nakwambia hili mapema kwa sababu lina uzito wake. Mke wangu si mtu wa kujisifu, lakini anajua thamani ya macho yake.

Januari walikata kipande cha ile tezi. Februari daktari alituita wote wawili, akatoa karatasi, akachora mwili wa mtu na kutia nukta mahali ugonjwa ulipo: shingo, kwapa, kifua. Alisema ni saratani, lakini ni ile ambayo mara nyingi inasikia dawa. Dripu kumi na mbili, kwa miezi sita, kama damu itaruhusu. Nilimwuliza kama nitamaliza kabla ya mechi za mwisho wa msimu. Daktari alidhani Kiswidi changu kimenipotea, akarudia maelezo yote polepole.

Nilimweleza Walt na Göran. Walt alisema nafasi yangu ipo, nije ninapoweza na niondoke ninapotaka, hakuna wa kuniuliza. Wachezaji hatukuwaambia. Hilo ndilo sharti nililotaka mimi, na wao, kwa kuwa ni makocha, walilielewa upesi mno.

Dripu ya kwanza nilipata theluji ikiwa bado magotini. Ukiingia pale unavaa vifuniko vya plastiki juu ya viatu, unachukua namba ya foleni, unakaa. Mezani kuna birika la kahawa na magazeti ya mwaka juzi. Hakuna anayemtazama mwenzake. Nilikaa pale nikiwakagua watu kama ninavyokagua timu pinzani inapopasha misuli: yule anachechemea, yule amebakiwa na nguvu, yule hamalizi mwezi. Kisha nikakumbuka kwamba na wao wananiona.

Aliyenisemesha wa kwanza alikuwa Mganda, Mukasa, mwalimu wa zamani aliyekimbia nchi yake na sasa akiendesha treni za chini ya ardhi. Alinisikia nikimwambia Tausi jambo, akahamia kiti cha karibu bila kuomba. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, ngeli zikigongana, na alikizungumza kwa raha kuliko mimi. Tulipangiana kuwa atakayefika kwanza achukue namba mbili, ya kwake na ya mwenzake. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa kuliko unavyoweza kudhani. Unaingia umechoka, umetapika garini, na mtu anakunyooshea kikaratasi na kukwambia kuwa mbele yenu wamebaki watatu tu.

Sitakuficha mwili unavyofanywa. Dripu ikianza unahisi ladha ya sarafu mdomoni. Kutapika kunaanza baada ya saa mbili, tatu, na hakuishi hata tumbo likiwa tupu. Nywele zangu zilitoka bafuni kwa mafungu, kisha nyusi, kisha hata zile za puani, ndiyo maana pua ilinichuruzika kutwa nzima mpaka kiangazi. Mishipa ya mkono ilikakamaa. Muuguzi wetu, Inger, alikuwa akijaza maji ya moto beseni, anauzamisha mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, anaukanda taratibu hadi mshipa ujitokeze. Alifanya hivyo kila mara, hata siku ambazo foleni ilifika mlangoni, na hakuwahi kuitazama saa. Kuna vidonge walivyonipa ambavyo vilinifanya nile kama mchimba kisima, uso ukavimba, na watu wa mtaani wakaanza kumpongeza Tausi kuwa mumewe amenawiri.

Binti yetu, Hawa, alikuwa na miaka kumi. Yeye tukimsemesha Kiswahili hujibu Kiswidi, tulishazoea. Aprili, walipokuwa wakifagia barabarani changarawe zilizomwagwa majira ya baridi ili watu wasiteleze, alikataa kukaa karibu nami kwenye kochi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kwa Kiswidi kuwa baba ananuka ajabu. Ilikuwa kweli, dawa ilitoka na jasho. Tausi alimkaripia, mimi nikamkataza asimkaripie, tukagombana sisi wawili mbele ya mtoto kuhusu nani ana haki ya kumkaripia. Ugonjwa unafanya hivyo. Mnagombania vitu vidogo kwa kuwa kile kikubwa hamna pa kukishikia.

Sheria moja Inger aliirudia kila dripu, na mpaka leo naweza kuisema kwa sauti yake. Dawa inaua kinga ya mwili. Joto likifika thelathini na nane, njoo, saa ileile. Usisubiri jioni, usimeze kitu cha kulishusha, usimalize unachofanya. Kwa mtu wa kawaida homa ni homa, kwangu mimi ilikuwa suala la saa chache. Tausi aliichukua sheria ile kama kazi. Kila asubuhi na kila mchana akiwa nyumbani alinipima yeye mwenyewe, akakisoma kipimajoto dirishani penye mwanga, akaandika kwenye kalenda ya jikoni. Mimi nilitania kuwa nimepimwa kuliko unga wote wa Södertälje. Hakucheka, lakini aliendelea kuandika.

Msimu ulianza Mei. Nilisimama pembeni ya uwanja nikiwa na kofia ya pamba, jezi mbili ndani ya koti ili mabega yajae. Wachezaji walidhani nimenenepa. Julai ikaja, na Julai nchi hii hufunga duka. Wodi yetu iliunganishwa na nyingine ghorofa ya juu, Inger akaenda likizo, na sindano ilishikwa na watu wasiojua habari ya beseni. Siku ya dripu ya tisa nilifika mapema, nikachukua namba mbili. Mukasa hakuja. Siku ya dripu ya kumi nikachukua tena namba mbili, nikaingia mimi, nikatoka na ile yake mfukoni. Niliuliza. Waliniambia hawaruhusiwi kueleza habari za mgonjwa mwingine. Sijajua hadi leo, na sikuwahi kumwuliza anaishi wapi.

Nusu fainali ilichezwa Jumapili moja ya Agosti, siku kumi na moja baada ya dripu ile. Hizo ndizo siku ambazo kinga iko chini kabisa, na sote nyumbani tulilijua hilo. Tausi hakutaka niende. Tulizungumza, tukaafikiana: akinipima saa sita nikiwa sawa, naenda. Alinipima. Thelathini na saba na nne. Alikisoma dirishani, akakisoma tena, akakifunga kwenye leso na kunitia mfukoni mwa koti, akaniambia nijipime katikati ya mchezo. Nikamwahidi.

Baridi ilinianza robo ya tatu. Jua lilikuwa kali, wachezaji wanamwagiana maji, na mimi meno yanagongana. Nilikaa kwenye benchi, nikatoa kipimajoto nikakitia mdomoni, nikajifanya nausoma ubao wa mipango. Kilisema thelathini na nane na saba.

Nataka uelewe kuwa sikuchanganyikiwa. Nilikisoma vizuri na nilijua maana yake. Walt alikuwa hatua sita kutoka nilipokaa, na alishaniambia niondoke ninapotaka. Lakini kuna sheria ambayo haikuandikwa popote, nayo ni kwamba kocha haondoki pembeni ya uwanja kabla ya saa kufika sifuri. Nimewaona makocha wakisimama na mbavu zilizovunjika baada ya kugongwa na mchezaji. Nilikuwa nimewafundisha vijana wa watu kuwa mguu unaouma bado ni mguu. Nikakikung'uta kipimajoto mpaka zebaki ikashuka, nikakirudisha mfukoni, nikasimama na kumwita mpiga mateke wangu aingie. Zilibaki dakika ishirini za saa ya uwanjani, na mchezo ule husimamisha saa kila dakika. Dakika ishirini zikala saa moja na robo. Tulikuwa nyuma kwa pointi nyingi na hakuna alichoweza kufanya kocha yeyote, mzima au mgonjwa. Tulishindwa vibaya.

Wenzangu walibaki kufungasha vifaa. Mimi nilipanda treni ya kwenda Södertälje peke yangu. Ilipofika nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Abiria wote walishuka. Kondakta alinigusa bega, akauondoa mkono wake haraka, na ndiyo picha ya mwisho ninayoikumbuka kwa ukamilifu. Kisha kulikuwa na machela, dari, taa, na daktari kijana akiniuliza kwa utulivu homa ilianza lini. Alihitaji kujua. Nilimwambia ilianza ndani ya treni.

Tausi alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yake. Daktari alisema ni ajabu, kwa hali ile ya damu yangu alidhani ni mambo ya saa nyingi zaidi. Akamwuliza Tausi joto la mchana lilikuwa ngapi, naye akataja. Daktari akasema, bila ubaya wowote, kwamba vipimajoto vya nyumbani wakati mwingine husomwa vibaya. Nilimwona mke wangu akiitikia kwa kichwa.

Waliniweka chumba cha peke yangu, milango miwili, kila anayeingia anavaa gauni na kufunika mdomo. Siku ya kwanza sikuijua. Siku ya pili nilijua tu kuwa pumzi zangu zina sauti na kuwa kuna mtu anazihesabu. Inger alikuwa amerudi kutoka likizo. Aliomba ruhusa ya kuja kutoka wodi yake, akakaa dakika tano, akaninyunyizia maji ya limau midomoni. Nasikia usiku ule walimwambia Tausi amlete Hawa asubuhi, na watu hawaambiwi hivyo kwa jambo zuri.

Siku ya tatu homa ilianza kushuka. Tausi alikaa kando ya kitanda ndani ya lile gauni la njano, macho tu ndiyo yanaonekana, yamevimba. Aliniambia, kama mtu anayetoa ripoti, kuwa alikichukua kipimajoto kutoka kwenye koti langu, akakipeleka kazini na kukilinganisha na cha maabara. Kilikuwa sahihi kabisa. Kwa hiyo kosa halikuwa la kipimajoto. Lilikuwa la macho yake. Alikuwa ameshamweleza msimamizi wake, na ameomba aondolewe chumba cha mizani, kwa kuwa kama hawezi kusoma joto la mumewe hapaswi kusoma dawa za watu. Wiki itakayofuata angehamia kupanga maboksi.

Na mimi nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojihukumu zaidi. Uwanjani nilikuwa na homa, kwenye machela nilikuwa nusu mfu. Lakini siku ile ya tatu nilikuwa na akili timamu, nikamsikia mke wangu akijivua kazi yake kwa kosa langu, na nikafumba macho nijifanye nimelala.

Jumatano alikuja Walt. Hapa inabidi nikueleze Jumatatu zetu. Michezo yote ilirekodiwa. Bwana mmoja mwenye duka la baiskeli alisimama juu ya jukwaa na kamera ya video, na Jumatatu jioni timu nzima ilikaa chumba cha klabu kuutazama mkanda, mchezo kwa mchezo, kurudisha nyuma na kurudia. Walt alikuwa na desturi yake. Kabla mkanda haujawashwa, kila mwenye kosa husimama na kulisema mwenyewe. Ukilisema, likitokea kwenye mkanda hakuna anayeguna, tunajifunza na kupita. Ukisubiri mkanda ukuseme, unarudiwa mara kumi mbele ya wote, na Walt anakuuliza kila mara unaona nini. Makocha tulisimama vilevile kama wachezaji. Nilishawahi kusimama mara nyingi tu, kwa mambo ya uwanjani.

Walt alikaa, gauni limembana, mikono kwenye magoti. Akasema kuwa yeye na Göran huwa wanautazama mkanda kwanza, kabla ya timu. Kwenye teke moja la robo ya tatu kamera ilichelewa kugeuka, ikabaki kwenye benchi letu. Aliniona nikikitoa kipimajoto mdomoni, nikikitazama, nikikikung'uta. Aliona saa ya uwanjani ilisomaje.

Nilidhani atakasirika, na sauti yake kweli ilikuwa chini sana, nikalazimika kuinua kichwa ili nimsikie.

"Mkeo aliniambia hapo nje kwamba ni yeye aliyekosea," alisema. "Sikumwambia kitu. Jumatatu hukuwepo, Bakari. Kwa hiyo nafasi yako ya kusema bado ipo."

Aliniambia pia kuwa kile kipande amekikata, timu haikukiona na haitakiona. Kisha akasema jambo ambalo makocha huwa hatusemi: kwamba alinitazama kila mchezo toka Mei, alijua kuwa ndani ya koti zipo jezi mbili, na alinyamaza kwa sababu alikuwa ananihitaji. Akaniomba msamaha. Nilimwona akipapasa lile gauni akitafuta mfuko wa kutia mikono, na haukuwepo.

Tausi aliingia baada yake. Nilimwambia akae, akasema amechoka kukaa. Basi nikamwambia akiwa amesimama. Nilimweleza benchi, ubao, namba niliyoiona, zebaki nilivyoikung'uta, na kwamba alichosoma yeye saa sita kilikuwa sahihi. Nikamwambia nilimdanganya daktari, na nilimsikia jana kuhusu mizani, na sikuwa nimelala.

Hakulia. Alikivua kile kitambaa cha mdomoni, ingawa haruhusiwi, nikauona uso wake wote kwa mara ya kwanza toka Jumapili.

"Siku nne, Baba Hawa," alisema. "Siku nne natembea na kujua kuwa nimekuua mimi. Nimemwandalia mtoto nguo za msiba."

Akakifunga tena kitambaa, akatoka. Nilisikia mlango wa kwanza, kisha wa pili.

Hakuja Alhamisi, wala Ijumaa. Nilimpigia simu, Hawa akapokea, akasema kwa Kiswidi kuwa mama yuko kazini. Niliuliza kazini wapi. Kwenye mizani, akasema, pale pa siku zote. Nilikata simu nikalia kwa sauti, na muuguzi wa zamu akaja mbio akidhani ni maumivu.

Jumamosi Tausi alikuja kunichukua. Tulipofika nyumbani, kabla hata sijavua viatu, alinipa masharti. Hatanipima tena. Nitajipima mwenyewe asubuhi na jioni, nitamtajia namba kwa mdomo, kisha nitampa kipimajoto akisome yeye. Ikitofautiana hata mara moja, atamchukua Hawa na kwenda kwa dada yake Dodoma, na nitamaliza dripu zangu pamoja na timu yangu. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Nilimwamini kila neno.

Dripu ya kumi na moja ilisogezwa hadi Septemba, damu ilikuwa bado dhaifu. Nilijiuzulu ukocha wiki hiyohiyo. Göran alichukua wapiga mateke wangu na kuwaharibu, kama nilivyotarajia. Kabla ya hapo niliomba kusimama mbele ya wachezaji. Nilivua kofia wakakiona kichwa, nikavua koti, nikavua jezi ya kwanza na ya pili, nikawaeleza yote, na ya benchi pia. Hakuna aliyeguna. Beki mmoja, fundi bomba mkubwa kama kabati, alinyanyua mkono, akasema goti lake la kulia limekufa toka Juni na alikuwa anatuficha. Alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata.

Ya kumi na mbili nilipata mwanzo wa Oktoba, majani yakianguka. Niliketi na Tausi kwenye viti vilevile, yeye ameacha kiti kimoja katikati yetu, mkoba wake juu yake. Inger aliuzamisha mkono wangu kwenye beseni kwa mara ya mwisho na kuukausha kwa taulo kidole kwa kidole. Niliporudi kwenye kiti, mkoba ulikuwa sakafuni, lakini kiti bado kilikuwa wazi.

Nyumbani iliendelea hivyohivyo. Asubuhi, jioni. Nataja namba, nanyoosha mkono, anakwenda dirishani, anasoma, anaandika. Haikuwahi kutofautiana. Sikumlaumu hata siku moja kwa kukagua. Mtu aliyezoea mizani anajua kuwa uzito hauongezwi kwa maneno. Ukiwa mgonjwa na umemdanganya mwenzako, usiharakishe msamaha. Wewe taja namba yako ya kweli, kesho taja tena, na umwachie yeye kazi ya kuamini.

Nywele zilirudi kwanza shingoni, laini kama za mtoto mchanga, na Hawa akaanza kukaa kwenye kochi tena, mwanzo pembeni, kisha akanilalia. Daktari alikuwa amesema sheria ya thelathini na nane ibaki hadi mwaka mpya.

Asubuhi moja ya Novemba, nje bado giza, niliamka mifupa inauma. Tausi alikuwa jikoni anakoroga uji, amenipa mgongo, amevaa tayari kwenda kazini. Nilijipima nikiwa nimekaa mezani. Nilikitazama mara mbili, nikaogopa, na nikafungua mdomo kabla uoga haujapata la kusema.

"Mama Hawa," nilimwambia. "Thelathini na nane na mbili."

Nikanyoosha mkono nimpe kipimajoto akisome.

Hakukipokea, wala hakukitazama. Alizima jiko, akamwita Hawa avae viatu, akaniletea koti.